Kizazi cha Bibi Kimerudi

Leo karatasi ya hospitali imesema kizazi cha bibi yangu ni kizima.

Bibi alitolewa kizazi kabla sijazaliwa.

Nilimsindikiza kutoka Pongwe kupimwa tumbo kwa altrasaundi, maana linamuuma wiki ya tatu sasa. Aliyempima ni daktari kijana anayesomea ubingwa. Akatupa fomu yenye orodha ya viungo.

Ini: kawaida. Figo: kawaida. Kizazi: kawaida.

Nikaisoma mara tatu. (Mnanijua, nasoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi.)

Kama kiungo kisichokuwepo ni kawaida, hilo ini aliliangalia kweli?

Nilitamani kunyamaza. Nikamrudia daktari.

"Shikamoo daktari. Samahani, bibi hana kizazi."

Bibi akadakia, akimtazama daktari, "Mjukuu wangu, kama umekiona, nionyeshe na mimi!"

Daktari akakiri: fomu huja imeshajazwa "kawaida" kote, yeye hubadilisha penye tatizo tu.

Akampima upya, polepole. Safari hii akaandika kwa mkono, sentensi nzima nzima.

Ya tatu ilisema: "Kuna jiwe kwenye figo ya kulia."

Nanyi, zile karatasi za "kawaida" mlizoweka kabatini, mlizisoma?