Wasanu na Maji ya Siku Nne

Mjomba wangu Wasanu hakuwa mfanyabiashara wala mwanachuoni. Kazi yake ilikuwa maji. Kila msafara wa biashara kutoka Sijilmasa, mji wa kaskazini, ulipokaribia, mtangulizi wake aliingia mjini kwetu Walata na barua, naye mjomba akapakia viriba vya maji juu ya ngamia na kwenda jangwani mwendo wa siku nne kuupokea. Asingefika, watu wale wangekufa kwa kiu. Ndiyo maana hata matajiri waliowabania pua wenye kunuka ngamia walimwamkia yeye kwanza.

Mwaka ule mtangulizi alifika kama kawaida. Mjomba akajiandaa kuondoka na ngamia arobaini na watu sita.

"Utaniletea nini, Mjomba?" nilimtania. "Vitambaa tu, au na mchumba?"

"Kwa ulimi wako huo, Fannu? Atarudi jangwani akafe na kiu yake!"

Siku ya nne alifika mahali pa kukutania. Hapakuwa na mtu. Siku ya saba viriba vikaanza kunywea kwa jua. Siku ya tisa wenzake walichoka.

"Mzee, turudi. Maji yaliyobaki ni ya kutufikisha nyumbani."

"Na wakija kesho?"

"Na wasipokuja?"

Mjomba aliwasihi wangoje siku moja tu, na siku hiyo akapita mchungaji mmoja wa mbuzi, akawacheka.

"Mnamngoja nani nyie? Wale wamegeuza njia, wameenda mji wa Wadan. Dhahabu siku hizi inateremkia baharini, kwa Wakristo waliojenga nyumba ya mawe kisiwani."

"Wasitume hata mtu kutuambia?"

"Watume wa nini? Wana haja gani na nyinyi tena?"

Wenzake walirudi. Mjomba akashika njia ya Wadan peke yake. Nadhani alitaka tu mtu amwambie usoni kwamba hahitajiki.

Wadan aliwakuta Wakristo watatu, nyuso zimebabuka kwa jua. Wawili walikuwa wagonjwa. Wa tatu, kijana mwembamba mwenye wino vidoleni, alikuwa akiuliza watu kila kitu: upepo huu unaitwaje, kutoka hapa hadi Timbuktu siku ngapi, nani amewahi kupaona kwa macho yake. Akiambiwa "wazee wanasema", hakuandika. Mkalimani wake, mtu wa Wadan, alimwita mjomba.

"Anasema amesikia wewe unavijua visima."

"Vyote."

"Basi mtajie."

Mjomba alifurahi. Alidhani anatafutiwa kazi. Kwa siku tatu akataja visima, vyenye maji matamu na vya chumvi, vinavyokauka kiangazi, na kile cha ukoo wetu ambacho hata majirani hatukuwaonyesha. Kijana akaandika, akauliza tena, akachora mistari. Mwisho akaikunja karatasi na kumpa mjomba kipande cha kitambaa chekundu.

"Tunaondoka lini?" mjomba akauliza.

"Kwenda wapi?" mkalimani akashangaa. "Amekwisha kupata anachotaka, Mzee. Visima vimo humo kwenye karatasi."

"Atasafiri vipi bila mimi?"

"Hayo muulize yeye." Lakini hakutaka kulitafsiri swali hilo.

Aliporudi nyumbani nilimtilia uji wa mtama na asali. Hakuugusa.

"Nimevitaja vyote, Fannu. Hata kile cha ukoo wa mama yako."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Aliniuliza vizuri. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Wakubwa wa ukoo walimwita, wakamfokea, kisha wakampokonya ngamia. Nami mpwa wake, ambaye kwetu ndiye mrithi wa karibu, nilikaa pembeni nikachezea ncha ya shuka yangu.

Baada ya muda tukasikia wale Wakristo wameshindwa na joto na upweke, wamerudi kwenye kisiwa chao. Karatasi ile sijui iliishia wapi. Labda hakuna aliyewahi kuifungua. Tulifikiri basi misafara itarudi. Mmoja ulikuja, mdogo, watu wake wamejibebea maji yao wenyewe. Matajiri wakaanza kufunga nyumba, mmoja baada ya mwingine, kuhamia Timbuktu.

Mjomba alipewa shamba dogo la matikiti chini ya mitende. Aliyalima vibaya. Nilipomwambia nasi tunahamia Timbuktu, aliuliza tu kama tutakuwa na mtu anayeijua njia na visima vyake.

"Yupo," nilimwambia.

"Haya," akasema, akaendelea kupalilia.