Programu Iliyosema Iko Salama

Glenys Horrocks hakuwahi kwenda likizo bila kompyuta yake, na msidhani natia chumvi. Harusi ya mdogo wake kule Burnie aliihudhuria na kompyuta ndani ya mkoba, na wakati wa hotuba alikuwa jikoni, amepiga magoti kando ya friji, akirudisha toleo la zamani la programu ya maziwa. Wapishi walimruka tu na sahani zao.

Kazi yake ndiyo hiyo. Ushirika wa wafugaji wa kaskazini mwa Tasmania ulikuwa na programu ya kuita malori ya kubeba maziwa, na programu yenyewe ilikaa kwenye seva, kompyuta kubwa za kukodi, mbali huko Sydney. Kila toleo jipya lilipotengenezwa, Glenys ndiye aliyelipandisha, kutoka ofisi ya Launceston iliyo juu ya duka la mikate. Likienda mrama, lori haliji, na maziwa yanamwagwa mtaroni. Watu wanaokamua alfajiri hawana subira na habari za seva, na hawaoni haya kukwambia.

Sasa mumewe, Merv, alikuwa amestaafu ufundi wa bomba, na alitaka kitu kimoja tu: wiki nzima na mkewe kwenye kibanda chao cha mabati huko nyanda za juu, kando ya ziwa, msimu wa kuvua samaki wa trauti ukifunguliwa. Kule simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Miaka nenda miaka rudi alikwenda peke yake. Safari hii alimwambia, wala hakufoka: "Nimechoka kuvua na kiti kitupu, Glen. Uje, au nikiuze kile kibanda." Merv hakuwa mtu wa vitisho, na hilo ndilo lililomkata Glenys maini.

Wiki hiyohiyo likatoka toleo jipya la Kelpi yenyewe. Kelpi ni chombo walichotumia kupandisha programu na kuzipanga kwenye seva. Kimepewa jina la mbwa wa kuchunga kondoo, na kweli kazi zao zinafanana. Tarun Adhikari, jirani yake wa meza, Mnepali mwenye utani mwingi aliyemwita dada kama kwao wanavyowaita wanawake waliowazidi umri, alimsomea mambo mapya huku akila pai. Kelpi sasa ingepeleka toleo kwa wafugaji wachache kwanza, iwe inaliuliza hali. Likionekana gonjwa, ingerudisha la zamani yenyewe, bila mtu kugusa kitu.

"Yaani inafanya kazi yako, dada, na haiombi chai," Tarun akasema. Glenys akamwambia afute mdomo kwanza.

Hakuamini, na alikuwa na haki. Alitengeneza toleo bovu makusudi, lisiloweza kuita lori hata moja, akalipandisha kwenye seva za majaribio. Kelpi ikaliuliza: uko salama? Likajibu: salama. Kelpi ikaridhika, ikalisambaza kote, taa zote kijani. Maiti ya programu, nayo inasema salama. Tarun akailaumu Kelpi, akasema hayo mambo mapya ni maneno ya kuuzia tu. Lakini Glenys alipochimba, aliona kosa ni la kwao wenyewe. Zamani, ili wasisumbuliwe na maswali ya kila dakika, walikuwa wameifundisha programu kumjibu salama yeyote anayeuliza, ilimradi imewaka. Watu wa fani hii karibu wote hufanya hivyo, na wote hukana.

Glenys alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Kwani yeye alikuwa tofauti? Kila jioni Merv alimwuliza hali yake, naye alijibu salama, macho yakiwa kwenye simu.

Basi akabadilisha swali. Kelpi isiulize tena uko salama. Iliambie toleo jipya: niitie lori la kubuni kwa shamba la kubuni, nikuone. Akalipandisha tena lile bovu. Likaamriwa, likashindwa, na Tarun hajamaliza kumenya chungwa lake, toleo la zamani lilikuwa limerudi mahali pake. Tarun akapiga makofi. Glenys alibaki akitazama kioo cha kompyuta, mkono mdomoni.

Kulikuwa na toleo kubwa la kupandishwa katikati ya wiki ya trauti. Bosi aliuliza kama lisogezwe mbele mpaka Glenys arudi. Glenys akasema lisisogezwe, akaiacha kompyuta yake juu ya meza ya Tarun, akaondoka na Merv kwenda ziwani.

Siku yenyewe ilimkuta ziwani, maji magotini, baridi inauma mpaka kwenye meno. Merv alimwangalia, akamwuliza kama yuko salama.

"Hapana," Glenys akasema. "Naogopa limeharibika. Na naogopa zaidi kwamba halijaharibika, na hawanihitaji tena."

Mshipi wa Merv ulikuwa umekaza, naye akaanza kuuvuta. "Mimi nakuhitaji," akasema. "Shika huo wavu, samaki anatoroka."

Wakamtoa yule samaki, mnene kweli, wakamla na siagi na viazi, na Glenys alilala mchana mzima kama mtoto.

Aliporudi kazini, Tarun alimpa habari hata kabla hajavua koti. Toleo lilianguka asubuhi ileile lilipopandishwa, Kelpi ikarudisha la zamani, na hakuna mfugaji hata mmoja aliyepiga simu. Glenys akauliza mbona hawakutuma mtu kumfuata kule juu.

"Ya nini, dada?" Tarun akasema.

Neno hilo lilimchoma, asiseme mtu halikumchoma. Lakini halikumchoma sana kama alivyohofia, na kufikia saa ya chai lilikuwa limeanza kumfurahisha. Mchana akaenda kwa bosi kuomba likizo nyingine.