Galoni ya Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkono wa pampu, nikaambiwa nisiuache mpaka nitakapoitwa kula. Bendera ya nchi ilikuwa bado mpya, haijapauka kwa jua, na Ukunda ilikuwa maduka machache ya mabati na pampu moja ya petroli. Pampu yenyewe haikuwa kama hizi za leo, ambazo kijana hubonyeza kidude huku anazungumza na wapita njia. Ilikuwa mnara wa chuma, na juu yake chupa mbili za kioo, kila moja galoni. Unavuta mkono mbele na nyuma, petroli inapanda kutoka ardhini. Chupa ya kushoto ikijaa unageuza valvu, ya kushoto inateremka ndani ya gari na ya kulia inaanza kupanda. Mteja anahesabu chupa kwa macho yake. Jioni ile sikuweza kuinua tonge la ugali kwa mkono wa kulia, lakini kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika.

Mimi nilisoma darasa la pili, basi. Siwafichi wala sioni haya. Lakini kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga hapakuwa na mtu aliyejua kujaza tangi akanishinda, na atakayebisha na ajitokeze, wazee wenzangu bado wako.

Mwenye pampu tulimwita Tajiri, kama ilivyo desturi yetu pwani kumwita anayekulipa. Aliniambia maneno machache siku ile: "Gari likitoka hapa likazimika njiani, atalaumiwa nani? Mimi. Kwa hivyo wewe jaza."

Nami nilijaza. Ila kwanza niwaeleze tangi, maana nimelieleza maisha yangu yote kwa mameneja, mainjinia na makarani, na hata leo kuna mtu mahali fulani amekunja uso hajalielewa. Tangi ni sanduku la bati lililolala chini ya gari. Lina shingo, yaani bomba la kumiminia, na lina bomba la pumzi, jembamba, la kutolea hewa. Kiwandani wanapoandika kwamba tangi ni la galoni kumi, wanahesabu mpaka pale bomba la pumzi linapoanza. Juu ya hapo wanaacha nafasi, kwa sababu petroli ikipata joto huvimba kama unga wa mahamri. Na kule chini kabisa kuna petroli ambayo bomba la kunyonya haliifikii. Injini huzima nayo imo. Tangi moja, basi, lina hesabu tatu: ya kitabu, ya injini, na ya bati lenyewe. Ukisema hivyo, mtu anakuonyesha kitabu. Hakuna kitabu kilichowahi kulala chini ya gari.

Sisi wa kusini tulijaza shingoni. Ukishaipa Ukunda mgongo, ukapita Msambweni, ukaenda Shimoni au mpakani, hukuwa na pampu nyingine ya kuitegemea. Gari liliegeshwa kwenye mteremko ulio ubavuni mwa pampu, mdomo wa tangi ukiwa upande wa juu. Dereva alishika pembe ya nyuma akalitikisa taratibu, kama anayebembeleza mtoto, na ile hewa iliyojibana pembeni ikatoka ikigugumia. Unangoja, unaongeza, anatikisa tena. Ikishafika mdomoni, dereva anaondoka papo hapo, asiegeshe juani, la sivyo itavimba na kumwagika. Ndiyo ilikuwa kazi, na iliwafikisha watu.

Dereva aliyejua kutikisa kuliko wote alikuwa Mjomba Bakari, ndugu yake mama, mtu wa Tiwi. Yeye ndiye aliyeniombea kazi kwa Tajiri. Aliendesha gari la hoteli moja huko Diani, na alikuwa muadhini wa msikiti wa kwao. Mtu mpole, hata mbuzi akilala barabarani, Mjomba alikuwa akimpigia honi kwa adabu.

Hoteli ikanunua gari jipya. Siku ya kwanza ya safari ya Shimoni, Mjomba alilileta likiwa karibu kavu, tukaliegesha kwenye mteremko, tukalijaza kwa desturi yetu. Zikaingia chupa kumi na moja. Tukahesabu pamoja, nikamwandikia risiti, akaenda na wageni wake akarudi salama.

Kesho yake akaja Meneja wa hoteli, Mzungu mrefu, ameshika kile kitabu kinachokuja na gari.

"Kitabu nasema tangi ni galoni kumi," alisema. "Wewe nauza kumi na moja. Ile moja nalala wapi?"

"Imo ndani ya tangi, Bwana Meneja."

"Tangi ya kumi naweza kula kumi na moja?"

"Likitikiswa, linaweza."

Akanitazama kama mtu anayetazama nguo chafu. "Huyu dereva ni nani yako?"

"Ni mjomba wangu."

Akafunga kitabu polepole. "Ah. Sasa mimi naelewa."

Akaitwa afisa wa vipimo kutoka Mombasa, akaja na kopo lake la shaba lenye muhuri wa serikali, akapima chupa zetu, akakuta kila moja ni galoni kamili. Mimi nikashukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Kumbe kule kusafishika kwa pampu ndiko kulikomfunga Mjomba. Meneja alisema: kama pampu haikuiba, basi dereva alikuwa na kopo kwenye buti, la kuwekea ile galoni moja.

Akanyang'anywa ufunguo, akapewa fagio. Mtu aliyewabeba wageni wakubwa akawa anafagia makuti mbele ya vyumba vyao. Hilo angelivumilia. Lililomchoma ni Tiwi. Barazani kwao vijana walianza: "Shikamoo Mzee Bakari. Leo umekunywa petroli ya kawaida au supa?" Wengine wakicheka, wengine wakitazama chini. Ijumaa moja Mjomba hakupanda kuadhini. Imamu alipomwuliza, alijibu, "Mtu anayeitwa mwizi atawaitaje watu kwenye swala?" Akanyamaza hivyo wiki baada ya wiki, na mama yangu akawa hali vizuri. Kila nikifika nyumbani aliniuliza neno moja: "Umemsafisha kaka yangu?"

Nikamwendea Meneja mwenyewe, nikamwambia tujaribu tena mbele yake. Akakubali. Liendeshwe gari mpaka lizime, lisukumwe mpaka kwenye pampu, lijazwe, naye ahesabu. Nilijigamba mji mzima. Niliwaambia watu waje waone. Wakaja.

Gari lilipofika, Meneja akaamuru lisimame upande wa pili wa pampu, pale Tajiri alipomwaga saruji, sawasawa kama meza. Nikasema, "Bwana Meneja, hatukujazia hapo. Tulijazia kwenye mteremko."

"Gari nasimama sawa. Kitabu hapana sema mteremko."

Mjomba akashika pembe ya nyuma ili atikise. Meneja akapiga kelele: "Hapana tikisa gari yangu. Hii si pembea."

Nikajaza bila mteremko, bila kutikisa. Chupa ya kumi haijaisha, petroli ikapanda na povu mpaka mdomoni, ikamwagika kwenye viatu vyangu. Watu wakatazamana. Meneja akaandika maneno mawili matatu, akasema, "Hata kumi hapana fika," akapanda gari akaondoka. Nilisimama pale nimeshika mpira wa pampu, nimekasirika. Nimgeukie nani? Nikamgeukia Tajiri. Yeye alijua, alikuwa ameona magari mia yakitikiswa kwenye mteremko wake.

"Tajiri, sema neno."

"Mimi nauza mafuta," alisema. "Maneno siuzi. Ile hoteli ni mteja."

Siku hiyo hiyo nikavua shati lake la kazi, nikaliacha juu ya pampu.

Nikapata kazi Msambweni, karakana ya magari ya barabara ya serikali. Nilianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na kabla mwaka haujazunguka nilikuwa nafungua injini peke yangu, bila cheti cha mtu. Nyuma ya karakana kulikuwa na magari yaliyokufa, na siku moja nikaona, chini ya mwembe, gari lile lile: umbo lile, kiwanda kile, toleo lile lile la gari la hoteli. Limepinduka, limebonyea mbele, lakini nyuma ni zima. Nikalala chini yake nikaligonga tangi kwa bisibisi. Zima kabisa.

Msimamizi wetu alikuwa mtu wa bara, mkali lakini wa haki. Nikamweleza yote, tangu chupa hadi fagio. Akasikiliza huku anatafuna muwa.

"Hiyo tangi iko na tobo?"

"Haina, Bwana Msimamizi."

"Basi peleka. Lakini rudisha kama vile ilikuwa. Ni mali ya serikali hata kama imekufa."

Nikalifungua, nikalipandisha kwenye lori la nazi mpaka Diani, nikaingia nalo hotelini kwa mlango wa jikoni, nimelibeba kichwani. Wapishi, madobi na watunza bustani wakatoka kutazama, nusu yao watu wa Tiwi. Nikaazima debe kwa mpishi mkuu. Debe ni galoni nne, anajua hata mtoto. Hapo hapana kitabu. Galoni kumi ni madebe mawili na nusu. Nikaliweka tangi chini kwa pembe ile linavyokaa garini, nikaziba tundu la bomba la kunyonya kwa kipande cha mpira, nikaomba aitwe Meneja.

Akaja, mikono nyuma. Mjomba alikuwa amesimama kando na fagio lake, ananitazama kama anayeniomba niache.

Debe la kwanza, la maji. La pili. Nikamimina nusu ya la tatu, maji yakaonekana shingoni. "Kumi," nikasema. "Hapa ndipo kitabu kinapokomea." Halafu nikaliinua upande mmoja na kulitikisa. Likagugumia. Nikamimina. Nikatikisa. Nikamimina. Debe la tatu likakaribia kuisha, karibu galoni kumi na mbili, yakabaki maji ya kunawa mikono tu.

Wapishi wakaanza kucheka na kupigana mabega. Dobi mmoja wa Tiwi, aliyekuwa hodari wa kumtania Mjomba barazani, akasema kwa sauti, "Wallahi tumemla mtu nyama bure."

Meneja akainama, akaangalia ndani ya shingo, akanyooka. "Hii tangi ya gari ingine," alisema.

"Ni gari lile lile, Bwana. Kiwanda kimoja, toleo moja."

"Lakini si yangu. Na hii ni maji. Mimi nauliza habari ya petroli." Akaondoka zake.

Niambieni, mtu kama huyo unamfanyaje? Nimefungua injini zilizoganda kwa kutu miaka na miaka, zikafunguka. Kichwa cha yule Mzungu sikupata spana yake.

Lakini ya Tiwi yalikwisha jioni ile. Dobi alifika kabla ya magharibi akaueleza mji, debe kwa debe, na akaongeza la nne la kwake. Wazee wakamwendea Mjomba nyumbani, wakamshika mkono, na alfajiri yake sauti iliyoita watu ilikuwa yake. Mama akamla samaki mzima peke yake.

Haukupita muda, dereva mpya wa hoteli, aliyekuwa akijaza kama kitabu kinavyotaka, akazimikiwa na gari mbali, akirudi kutoka Shimoni, wageni wakakaa kwenye mitaro wakiliwa na mbu. Meneja akamwita Mjomba. Nilikuwepo, nimekwenda kumjulia hali.

"Bakari," alisema, akamtupia ufunguo. "Chukua gari. Mimi nasamehe wewe."

Mjomba aliudaka. Akaugeuza geuza kiganjani. "Unanisamehe nini, Bwana Meneja?"

"Ile mafuta."

"Ahaa." Mjomba akauweka ufunguo juu ya boneti, taratibu, kama anayeweka yai. Akaegemeza fagio ukutani kando yake. "Basi bado hujanirudishia kitu," alisema. "Kwaheri, Bwana."

Njiani nilimgombeza. Nilimwambia, Mjomba, kazi ile ni nzuri, ungechukua ufunguo na moyoni ukajua lako. Akanijibu, "Mpwa wangu, mwizi aliyesamehewa ni mwizi."

Tangi nilirudisha Msambweni, nikalifunga mahali pake kwa nati zake zote. Nikaitumikia karakana ile chini ya wasimamizi watatu, na wa mwisho alikuwa mtoto wa chuo aliyeniuliza nilisomea wapi, kisha akaniita kila gari lake liliposhindwa. Nikatoka hapo kwa hiari yangu, nikanunua lori bovu, nikalifufua, nikanunua la pili. Hatimaye nikasimamisha pampu yangu mwenyewe, ya umeme, yenye saa kubwa ya kuonyesha kipimo. Leo wanangu ndio wanaoiendesha, mimi nimepumzika na nywele zangu nyingi bado nyeusi.

Na bado wanakuja. Galoni zimekwenda, lita zimekuja, na kila wiki anatokea bwana na kitabu chake, kwamba gari lake ni la lita kadha na pampu yangu imeandika zaidi, kwamba mimi ni mwizi. Nimewafundisha wanangu kumpimia mtu kama huyo kwa kopo mbele ya macho yake, na asiporidhika, wamwache aende. Sina nguvu tena ya kubeba tangi kichwani.

Ila siku nilipofungua ile pampu, wa kwanza kujaziwa alikuwa Mjomba Bakari, aliyekuwa akiendesha lori langu la nazi. Niliita watu waone. Alishuka, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha duka, uso wake ameupa barabara na pampu ameipa mgongo.

"Mjomba," nikamwambia, "tazama saa. Geuka uone mwenyewe. Hujajifunza tu?"

"Nimejifunza," alisema, bila kugeuka. "Wewe jaza."

Nikabishana naye mpaka watu wakacheka. Hakugeuka. Nikajaza mpaka shingoni, peke yangu, na sijawahi kupima kwa uangalifu kama siku ile.