Maji Yasiyonuka Dawa

Mto ule unashuka kutoka mitaa ya juu ya Bukavu ukiwa umebeba kila tulichokitupa: chupa, nepi, maji ya vyoo. Unapoingia ziwani unayatapika yote palepale ambapo watu wa bondeni huteka maji ya kunywa. Anayeshangaa kwa nini wanateka pale hajawahi kukaa wiki mbili bila tone bombani.

Hapo ndipo aliposimama Mama Clémence kila asubuhi, mjane wa miaka hamsini na tisa. Shirika moja lilimweka wakati wa kipindupindu. Kazi yake ilikuwa kuvuta klorini kwa bomba la sindano, kuitia ndani ya kila bidoni, dumu la kutekea maji, na kusema, "Ngoja nusu saa mbele ya kunywa."

Watu walinung'unika kwamba dawa inanuka hospitali, lakini walipanga foleni. Na wakiwa kwenye foleni walimtania, wakamuuliza kama amelala vizuri. Nyumbani hakukuwa na wa kumuuliza. Mumewe alizikwa Kalehe, wanawe wawili wako Kinshasa, na simu zao ni za Noeli tu. Ukweli ni kwamba Clémence aliipenda foleni ile kuliko posho yake.

Mradi ukaisha. Watu wa shirika walipiga picha, wakashukuru, wakapanda gari lao wakaenda. Walimwachia dumu moja la dawa, akalitumia wiki tatu, likakauka. Asubuhi hiyo alipaswa kuwaambia watu. Aliwatazama walivyojipanga wakipiga soga, mdomo ukawa mzito. Akavuta maji matupu ya ziwa, akayatia ndani ya bidoni ya kwanza. Ya pili haikumsumbua sana. Alijiambia kwamba atasema kesho, na kesho yake akajiambia hivyohivyo.

Siku ya nne Charlène, mama kijana aliyemtania kuliko wote, alifika akicheka.

"Maman Clémence, dawa yako ya sasa iko muzuri sana! Haina tena harufu. Gloire alikuwa anakataa maji, sasa anakunywa gobele mbili bila kulia."

Clémence aliliweka chini bomba la sindano. Gloire, mtoto wa Charlène, hakuwa ametimiza hata miaka miwili.

"Usimupe tena," alisema. "Dawa ilishaisha. Tangu siku ine niko natia maji tu."

Watu wa foleni walizitazama bidoni zao.

"Na ulikuwa unatuangalia tu?" Charlène aliuliza.

"Niliogopa mutaacha kuja."

Charlène alimwaga bidoni yake miguuni pa Clémence, akaanza kupanda njia ya kwao bila kuaga. Wengine wakamfuata. Mmoja alimtukana, na tusi lilimstahili.

Mchana alipita nyumba kwa nyumba, akiwaambia hata wale ambao hawakuwapo wachemshe maji yao. Aliuacha mlango wa Charlène uwe wa mwisho. Kabla hajabisha alimsikia Gloire ndani, mzima kabisa, akigonga sahani na kucheka. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Akabisha. Hakuna aliyefungua.

"Muchemushe maji, Charlène," alisema mlangoni. "Naomba."

Ndani, mtoto alinyamazishwa, na watu wakangoja aondoke.