Siku Fungu la Mwezi Lilipoporwa

Katika nyumba ya vyumba sita pale mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana za magari, Zulekha aliitwa Waziri wa Fedha. Wapangaji wenzake walimwita hivyo kwa utani, lakini ikifika tarehe ishirini na tano utani uliwatoka, maana kwao sufuria zilikuwa zimeshageuzwa kifudifudi, na kwa Zulekha vitunguu bado vinalia kwenye mafuta.

Mumewe, Abdulrazak, fundi wa gia boksi, alimkabidhi laki mbili na nusu kila tarehe mosi. Humo walikula watu sita: wao wawili, mama mkwe, na watoto watatu, Nasreen akiwa mkubwa. Laki na themanini ilikwenda kwa mkupuo mmoja kwenye duka la nafaka la Celina, Mtaa wa Tandamti: mchele, sembe, maharage, sukari, dumu la mafuta. Elfu sabini zilizobaki zilikuwa za mboga, elfu mbili na ushee kwa siku, na siku ya samaki ililipwa na siku mbili za mchicha. Habari ya kukopa alikuwa hataki hata kuisikia. "Ukikopa," alimwambia Nasreen, "kesho unafanyia kazi chakula ulichokwisha kula." Kwa miaka tisa hakuwahi kuvuka mstari huo.

Tarehe mosi Agosti, saa tatu asubuhi, alitoka kama kawaida yake. Laki na themanini kwenye mkoba, mkoba kwapani. Elfu sabini alizifunga kwenye pindo la kanga, kiunoni, ndani ya baibui.

Alikuwa amebakiza kama hatua arobaini afike dukani, anapita kati ya mkokoteni wa vitunguu na ukuta, mkono ulipomzunguka shingoni kutoka nyuma. Alidhani ni mtu anamtania. Kisha mkono ukakaza, miguu ikaachana na ardhi, pumzi ikakata. Chini ya taya alihisi kitu kigumu, kifupi, kikimchimba. Alipouvuta ule mkono ili apate hewa aliuona vizuri, karibu kabisa na macho yake: kidole cha shahada kilikuwa kimeishia kwenye fundo la katikati, kigutu kimekauka na kung'aa.

Mtu yule alimbwaga kifudifudi. Zulekha aliangukia mdomo, jino la mbele likavunjikia kwenye lami. Mkoba hakuuachia. Mwizi alikata mkanda kwa kisu, akamchana na kiganja, bado vidole vya mkono wa kushoto vimeng'ang'ania. Ndipo akamkanyaga kwa kisigino. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu Zulekha alisikia mfupa ukilia ndani ya nyama, na vidole vikafunguka vyenyewe.

"Mwizi!" alipiga kelele. Damu ilitoka pamoja na neno. "Mwizi! Mwiziii!"

Pale Kariakoo neno hilo halihitaji kurudiwa. Wabeba mizigo waliteremsha magunia, wauza mashati wakaacha mashati, na sauti ikapokelewa mbele kwa mbele: "Mwizi huyo! Kamata huyo!" Umati ukafumuka kuelekea Mtaa wa Kongo, na Zulekha akainuka akaufuata, mkono umening'inia, baibui limechafuka matope.

Alipofika walikuwa wameshamtia mtu chini. Na kwa nini tuseme uongo? Zulekha alifurahi. Alisikia vishindo vya mateke na kilio cha mwanamume, na moyo wake ukatulia kama mtu aliyekunywa maji. "Nipisheni," alisema, "ni mimi niliyeibiwa!" Wakampisha. Mtu mmoja mwenye fulana ya njano akamtia fimbo mkononi.

"Mpige na wewe, mama. Utoe uchungu."

Akampiga. Fimbo ya kwanza ilitua mgongoni. Ya pili ilimpata sikio. Yule mtu aliyelala chini, uso wake umeshakuwa donge la damu na vumbi, aliinua mikono yote miwili kukinga kichwa, na vidole vikatanuka mbele ya macho ya Zulekha. Vitano huku, vitano kule. Vyote virefu, vyote vizima.

Fimbo ilimdondoka.

"Siye," alisema. Hakuna aliyesikia. Tofali likatua kwenye mbavu za yule mtu. "Siye! Siye huyu! Mwizi ana kidole kilichokatika!"

"Mama kaingiwa na huruma," mtu akacheka. "Mtoeni."

"Wote wanasemaga siye!" akadakia mwingine.

Walimvuta pembeni. Tairi la pikipiki lilikuwa limeshaletwa, linapita juu ya vichwa kutoka mkono hadi mkono. Yule wa fulana ya njano alikuwa na chupa ya maji yenye petroli, anaifungua kwa meno. Zulekha alimng'ata aliyemshika, akapenya katikati ya miguu, akajitupa juu ya yule mtu kama anavyojitupa mama juu ya mtoto. Nondo iliyokuwa imeshainuliwa haikuwahi kurudi nyuma. Ilimpiga yeye begani. Petroli ilimwagika, ikamwingia machoni, ikaloweka mtandio, ikashuka mpaka kwenye jino lililovunjika na kumchoma kama moto wenyewe.

"Haya, washeni!" alipayuka, haoni kitu. "Washeni sote wawili! Watoto wangu wako Gerezani, mtakwenda kuwaambia nyinyi!"

Chini yake alihisi moyo wa yule mtu ukidunda mgongoni, wa haraka kama wa ndege. Juu yao mtu alikuwa na kiberiti, alisikia njiti zikitikisika ndani ya kisanduku.

Ghafla ukaja mlio wa chuma juu ya chuma. Celina, mwenye duka la nafaka, mwanamke mnene asiyependa kelele, alikuwa amefuata kelele kutoka dukani kwake na jiwe la mizani la kilo tano, na sasa anagonga nalo mlango wa chuma wa duka lililokuwa karibu, kwa nguvu zake zote.

"Huyo ni mama Nasreen! Mteja wangu miaka tisa!" alifoka. "Yeye ndiye aliyeibiwa na anawaambia siye! Nani ana masikio hapa? Atakayewasha kiberiti nampasua kichwa kwa hili jiwe, haki ya Mungu tena!"

Kuna wakati umati unageuka kuwa watu. Mmoja alitazama saa. Mwingine alitupa tofali chini taratibu, kana kwamba aliliokota kwa bahati mbaya. Simu zikatolewa, picha zikapigwa. Yule wa fulana ya njano alinunua chupa ya maji safi akamletea Zulekha anawe macho, akamwambia, "Pole sana, mama yangu," kwa upole wa kweli kabisa, halafu akaondoka zake.

Jina la aliyepigwa lilikuwa Samson, mtu wa Mbinga, muuza soksi. Celina aliwatafutia bajaji, wakapitia polisi kuchukua PF3, fomu ya kutibiwa majeruhi, wakaenda hospitali. Kule wakaambiwa picha ya kichwa, picha ya mbavu, nyuzi, dawa, na kwamba dirishani hela inatangulia. Mke wa Samson alikuwa hajapatikana kwa simu. Zulekha alikaa kwenye benchi, mkono wake mwenyewe haujafungwa, akagusa pindo la kanga. Elfu sabini, mboga za siku thelathini. Alilifungua fundo kwa meno, akatoa zote, na mhasibu akazihesabu huku anaziba pua kwa harufu ya petroli.

Jioni Samson aliweza kuzungumza kidogo, maneno yanapita kwenye midomo iliyovimba kama maandazi.

"Ulikuwa unakimbia nini, kaka?" Zulekha alimuuliza.

"Nilikuwa namkimbiza," alisema. "Nilikusikia wewe. Nikaacha soksi zangu nikamfuata. Nilibakiza kama hatua kumi. Akakata kona. Nyuma nikasikia, mwizi huyo, mwizi huyo. Nikajua wanamsema yeye."

Zulekha alitoka nje ya wodi akatapika.

Nyumbani Abdulrazak alisikiliza yote amesimama. Alipomaliza kusikia alikwenda kwenye sanduku la vifaa akatoa spana kubwa, ile ya kufungulia magurudumu ya malori.

"Mwenye kidole kibovu namjua mitaa anayoshinda," alisema. "Leo atabaki bila hata vile vidole alivyonavyo."

"Unamjua, au unamdhania?"

"Zulekha, nipishe."

"Na mimi nilikuwa na hakika, baba Nasreen." Alisimama mlangoni, mkono una plasta, uso umevimba. "Ukitoka na hiyo spana, utarudi na damu ya nani?"

Alisukumwa. Bega lililopigwa nondo liligonga fremu, na sauti iliyomtoka iliwaamsha watoto. Nasreen alianza kulia. Abdulrazak akatazama spana, akatazama mkewe aliyekunjamana sakafuni, akaitupa ile spana ukutani kwa nguvu mpaka plasta ya nyumba ikamomonyoka. Kisha akaketi palepale chini karibu yake, na hakwenda popote.

Siku ya nne, wakati wa mchana, alikuja mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Zulekha alikuwa uani, ameinjika chungu cha maharage ya mwisho.

"Wewe ndiye Zulekha?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

Kofi lilimkuta mdomo bado uko wazi. La pili lilifungua kidonda cha fizi. Wapangaji walisimama, Abdulrazak akatoka ndani mbio, Zulekha akainua mkono: "Mwacheni."

"Mimi ni Hyasinta, mke wa Samson," yule mwanamke alisema. Alikuwa halii. "Daktari kasema jicho la kushoto limekwenda. Kwa laki na themanini yako! Jicho la mume wangu ni laki na themanini?"

Zulekha angeweza kunyamaza. Samson hakuwahi kuona ni nani aliyempiga na nani hakumpiga.

"Na fimbo mbili zilikuwa zangu," alisema. "Moja ya mgongo, moja ya sikio. Kabla sijaona vidole vyake."

Hyasinta aliupiga teke ule moto. Jiko lilipinduka, chungu kikapasuka, maharage yakasambaa uani na makaa yakifuka juu yake. Akaondoka bila kugeuka nyuma. Siku hiyo watu sita walikula ugali na chumvi, na hakuna aliyeuliza mboga iko wapi.

Mwezi ule waliuvuka kwa meno. Celina alitaka kumpa magunia kwa mkopo, Zulekha akakataa. Akaomba kazi badala yake. Kila asubuhi alikaa nyuma ya duka akichambua mawe kwenye mchele kwa mkono mmoja wa kulia, na jioni akaondoka na chenga za mchele kilo mbili na sembe kidogo. Abdulrazak alianza kufungua magari hata Jumapili. Sauti ya mtu kukimbia ikisikika mtaani, Zulekha alishituka na kumwaga ungo.

Tarehe mosi Septemba alipokea laki mbili na nusu ileile. Akaketi mkekani, akaigawa mbele ya mumewe.

"Sasa tuko tisa," alisema.

"Tisa kutoka wapi?"

"Watatu wako Buguruni. Samson, mkewe, na mtoto wao."

"Hela haijaongezeka, Zulekha."

"Najua. Samaki tunafuta. Sukari tunapunguza, chai ya jioni itakuwa ya mkandaa tu, bila maziwa."

Mama mkwe, aliyekuwa amelala chali kitandani, ndiye aliyejibu: "Mimi sukari ilishanikataza daktari."

Zulekha alipeleka mwenyewe kilo tano za mchele, maharage na chupa ya mafuta. Hyasinta alipokea mfuko mlangoni, akafunga mlango. Oktoba ikawa vilevile. Mwizi wa kidole kilichokatika hakukamatwa, na polisi waliacha kupokea simu za Zulekha. Novemba alimkuta Samson amekaa kibarazani, kitambaa kimefunika jicho, anapanga soksi kwa jozi.

"Kaa, mama Nasreen," alisema. "Nina swali. Linaninyima usingizi."

Zulekha aliketi.

"Kama vingekuwa tisa. Vidole. Kama ningekuwa kweli ni yeye, ungenilalia juu?"

Kuku walikuwa wakiparura uani. Zulekha alitafuta jibu zuri, akalipata, akaliacha. Alikumbuka ile furaha aliyoisikia kifuani, ile ya mtu aliyekunywa maji.

"Hapana," alisema. "Ningeongeza fimbo ya tatu."

Samson aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa ameitarajia. "Nilijua," alisema. "Nilitaka tu kuona kama utanidanganya." Akaendelea kukunja soksi.

Hyasinta alitokea ndani. Alikuwa amesikia kila kitu. Alichukua mfuko, akaupima uzito mkononi.

"Mwezi ujao usilete," alisema. "Ameshapata meza ya kuuzia. Wiki ijayo anaanza."

"Mwezi ujao nitaleta, dada. Nimeshaupangia. Nimepanga mpaka mwezi wa pili."

"Hatuombi kwako."

"Sijasema mnaomba."

Hyasinta alisimama mlangoni, mkono umeshika komeo. Ilionekana kama atafunga tena.

"Basi punguza mchele," alisema mwisho, anatazama pembeni, "uongeze sembe. Huyu mtoto hapendi wali."