Pikipiki Niliyoipikia Kutu

Mpaka leo sijui nani alinitia kichwani wazo la kutengeneza pikipiki ya dunia iliyokwisha kuharibika. Nadhani ni simu. Mchana nilikuwa nachomelea mageti pale Iyunga, Mbeya, jioni nasoma QT, ule mtihani wa sekondari wa sisi tulioikosa shule, na katikati ya shughuli hizo mbili mtu anakula chapati huku anaangalia video. Nikaona Wazungu wamekaa jangwani juu ya mapikipiki ya vyuma chakavu, wamevaa matairi mabegani, miji yote imekufa nyuma yao, na wao wana furaha kama watoto waliopata kipaimara. Sikuelewa hata kidogo. Lakini mikono ikaanza kuniwasha.

Nilikuwa na pikipiki ya Kichina, ya kawaida kabisa, mnyenyekevu wa kubeba viazi. Nikaivua nguo zote. Madigadi, yale mabati ya kuzuia matope ya magurudumu, nikang'oa, la mbele na la nyuma. Tangi nikalivika bati la pipa la oili, nikalipiga riveti mpaka likafanana na kobe. Usukani nikaukunja kutoka bomba la maji. Taa nikaizungushia kizimba cha nondo, nondo ambayo ingetosha kusimamisha ghorofa. Egzosi nikaikata fupi, na siku nilipoiwasha kwa mara ya kwanza, naapa kuku wote wa Iyunga walitaga kwa pamoja, majogoo wakiwemo.

Ikabaki kutu. Dunia ikiharibika lazima kuwe na kutu, na vyuma vyangu vilikuwa vinang'aa mno. Hapo ndipo kemia ya masomo ya jioni iliponifaa: siki, chumvi, na mvua ya Mbeya ambayo haisubiri kuombwa. Jioni napaka, asubuhi nakuta chuma kimegeuka rangi ya chungwa lililoiva. Niliipikia kutu kama mtu anavyochachusha togwa, kwa subira na kuonja onja. Jirani yangu anayepaka rangi madirisha alikuja akashika kiuno.

"We bwana, chuma kizima unakiozesha. Umelogwa?"

"Ni mtindo. Wa watu wa baadaye, dunia ikishaharibika."

"Basi si ungengoja iharibike kwanza?"

Mavazi nayo yalitaka kufanana na chombo. Jaketi la ngozi nilipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa. Mabegani nikashonea vipande vya tairi kwa uzi ule ule wa kushonea katambuga, viatu vya tairi. Kifuani nikafunga mfuniko wa sufuria, nikaupiga nyundo mpaka ukawa na makovu ya vita vitatu. Magotini vipande vya gata la maji ya mvua. Helmeti nikaipaka masizi, nikaongeza miwani ya kuchomelea. Nilipokwenda kujitazama kwenye kioo cha saluni, mteja mmoja alitoka mbio na rola kichwani, na nasikia hajarudi kuzivua.

Sasa, kule Iringa, Kihesa, kulikuwa na binti niliyetaka kumuoa, mwalimu wa chekechea. Baba yake ni mkulima, mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mtu wa maneno machache. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, alishapeleka posa, na jibu lililorudi lilikuwa moja: mzee anataka kwanza kumwona kijana kwa macho yake. Asipokubali yeye hakuna ndoa. Binti mwenyewe aliniambia wazi kwamba ananipenda, lakini haolewi kwa kumruka baba yake.

"Yule wa kwanza kuniposa alikuja na gari la kuazima," akanionya kwenye simu. "Baba alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, mambo yakaishia hapo. Usije na kitu cha mtu."

"Nitakuja na kitu changu. Nimekiunda kwa mikono hii, nati kwa nati."

"Ni ile pikipiki?"

"Ndiyo yenyewe."

"Haya," akasema, kwa sauti ambayo sikujua ni ya kuniruhusu au ya kunililia.

Baba mdogo nilimkaribisha siti ya nyuma. Alisema bado anayapenda magoti yake, akapanda basi. Mimi nikaondoka Iyunga alfajiri ya Ijumaa, nimevaa chuma changu chote. Bila madigadi, matope ya barabara yote ya Tanzania yalinihamia mgongoni. Kufika Makambako, ule upepo wake ulikuwa umenigandisha kiasi kwamba mtu angeweza kunitundika buchani.

Ndipo zikaanza pole. Askari wa barabarani alinisimamisha, akaizunguka pikipiki, akashika mdomo, akasema, "Pole sana kijana," akaniruhusu bila hata kuomba leseni. Nikaona huyu leo kaamka vizuri. Madereva wa malori walinipungia kwa huzuni. Nyololo nikasimama kunywa chai, na mama muuzaji akanitazama kifuani, pale penye mfuniko uliobonyea.

"Pole mwanangu. Lakini Mungu mkubwa, umetoka mzima."

Mimi nimelelewa. Ukipewa pole unashukuru, unasema umeshapoa. Huwezi kumkazia macho mtu mzima ukamuuliza pole ya nini.

"Asante mama, nimeshapoa."

"Ulikuwa peke yako?"

"Tulikuwa tuwe wawili. Mwenzangu ametangulia."

Mama yule alijifunika uso kwa kanga. Wateja wote wakaacha kutafuna. Nikaongezewa chapati ambayo sikuagiza, na nilipoondoka walisimama, wote, kama wanasindikiza jeneza. Kuanzia hapo mpaka Mafinga, katikati ya misonobari na manyunyu, niliendesha huku najiuliza: watu wa huku wana upendo gani wa kutisha namna hii? Akili ilikataa kuunganisha.

Nilifika Kihesa alasiri, nimelowa, nimeganda, masikio yamezibwa na egzosi yangu mwenyewe. Mzee alikuwa mlangoni. Nilivua helmeti, nikainama, nikamwamkia Kihehe.

"Kamwene, baba."

"Kamwene." Aliitazama pikipiki kwa muda mrefu, akanitazama mimi. "Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, baba."

"Na ukaendelea kuja hivyo hivyo?"

"Nilisema nitakuja, baba."

Akatikisa kichwa polepole. Mama mkwe mtarajiwa akaita jina la Yesu, maji ya moto yakaandaliwa, nikavuliwa jaketi langu lipelekwe kuanikwa. Binti alikuwa jikoni; desturi haikuturuhusu kusogeleana, ila niliona jicho lake moja kwenye upenyo wa mlango, limefunguka kama sahani. Baba mdogo, aliyekuwa ametangulia kufika kwa basi, akanivuta pembeni.

"Umeanguka wapi?"

"Sijaanguka."

Aliangalia pikipiki. Aliangalia watu wanavyokimbizana na mabeseni kwa ajili yangu. Nikaona uso wake unapiga hesabu, na mimi pia hatimaye jambo likaniingia, kuanzia askari mpaka mama wa Nyololo, yote kwa mkupuo.

"Usiseme kitu," akaninong'oneza. "Mambo yanakwenda vizuri kuliko tulivyopanga."

Nilitaka kubisha. Lakini mtu aliyeoga maji ya moto, akala ugali na maharage ya Kihehe baada ya kugandishwa na mikoa mitatu, hana uwezo wa kubisha. Nililala kabla jua halijazama.

Asubuhi niliamshwa na nyundo. Nikafikiri niko Iyunga, nimechelewa kazini. Nikatoka nje.

Jumuiya nzima ya mtaa ilikuwa uani. Habari zilishawafikia kwamba kijana wa watu kapata ajali akija kuposa, na watu wale wakaja na walichokuwa nacho: mayai, mahindi mabichi, na mmoja alikuja na madigadi mawili ya pikipiki yake ya zamani. Fundi, jirani yao, alikuwa ameshalivua tangi ganda lake la kobe, na bati langu la pipa lilikuwa chini linanyooshwa. Upande wa kulia kutu yote imesuguliwa kwa msasa. Mzee mwenyewe alikuwa amepiga magoti, mikono ya shati imekunjwa, anapaka rangi ya bluu, ile waliyopakia milango ya nyumba. Upande wa kushoto ulikuwa bado una kutu. Jaketi langu lilikuwa juu ya kamba, mabega ya tairi yametolewa, matundu yameshonwa kwa mshono mdogo mzuri kama wa hospitali. Nikatafuta mfuniko wangu wa kifuani. Ulikuwa umesuguliwa kwa majivu, unang'aa, umefunika chungu cha makande jikoni.

Sikujua nicheke au nilie. Miezi ya siki na chumvi ilikuwa chini, vumbi la rangi ya chungwa, kuku wanalichakura.

Mzee akainuka, akajinyoosha mgongo. "Yule wa kwanza alikuja na gari la watu, na tope tu likamfanya ageuze mara mbili," akawaambia majirani. "Huyu ameanguka, amejifungafunga vyuma vyake kwa mabati, na amefika. Mshenga, leo tuzungumze."

Baba mdogo alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Neno nililolifuata kutoka Mbeya lilikuwa limeshatoka, au limebakiza kidogo. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini mzee alikuwa amemsifia mtu mwingine, siyo mimi, na ningelazimika kuwa huyo mtu kila Krismasi mpaka nizeeke.

"Baba," nikasema, "sikuanguka."

Nyundo ikasimama.

"Niliitengeneza hivyo. Kwa makusudi."

"Ulitengeneza," mzee akasema, akitafuta neno, "ubovu?"

"Ni mtindo, baba. Ndivyo vitakavyokuwa vyombo dunia ikishaharibika."

"Na kutu?"

"Niliipika. Kwa siki."

Kuna mtu alicheka akajizuia. Baba mdogo alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, sijui anasali au ananilaani. Mzee akaangalia brashi mkononi mwake, akaangalia bluu yake.

"Mimi tangu utoto napigana na kutu ya jembe," akasema. "Wewe unaikaribisha mezani. Haya, nieleweshe. Dunia ikiharibika, mafundi wote watakuwa wamekufa?"

"Hapana, baba. Nadhani watakuwepo."

"Na majirani?"

"Watakuwepo wengine."

"Sasa kwa nini hawatengenezi?"

Nimefaulu fizikia kwa masomo ya jioni, nimejibu mitihani ambayo ingemlaza simba, lakini swali lile lilinikuta mtupu. Bado linanikuta. Nilijibu kwamba sijui, na ulikuwa ukweli.

Akamkabidhi fundi brashi, akaingia ndani na mkewe, mlango ukafungwa. Nikasimama kando ya pikipiki yangu, nusu bluu, nusu kutu. Majirani hawakujua kama waendelee kunipa pole. Mmoja alichukua mayai yake, akafikiri, akayarudisha. Binti alitoka jikoni na ungo usiokuwa na kitu, akapita karibu yangu kinyume cha desturi zote.

"Umeharibu?" nikamuuliza kwa sauti ya chini, nikashangaa, maana nilitaka kusema nimeharibu.

"Mimi? Nilikuambia uje na kitu chako. Sikukuambia uje na jalala lako." Midomo ilikuwa inamtetemeka, na sikuweza kujua kwa nini mpaka nilipomwona anauma ungo asicheke.

Mlango ukafunguka. Mzee akaja moja kwa moja kwa baba mdogo, siyo kwangu.

"Angenyamaza nisingejua. Mahari tutaanza kuongea baada ya chai," akasema. "Lakini mwambie kijana wako, binti yangu hapandi kitu kisichokuwa na madigadi."

Baba mdogo akanigeukia aniambie, kama vile sikuwepo, kama inavyotakiwa. "Umesikia? Madigadi."

Nikasema nimesikia. Fundi akaniuliza kama huo upande wa kushoto tuuache au tuupake, na nikamjibu kwamba sijui, amuulize mzee. Kisha nikapiga magoti, nikashika digadi la nyuma lisicheze, yeye akaanza kukaza nati.