Kiganja Chenye Wino

Mhandisi mmoja wa Endabash hufunika karatasi kwa kiganja hata anapoandika vitu vya kununua sokoni. Vidole vyake vina wino daima, na kabla ya kujibu swali hukuna sikio kwa kalamu. Kazi yake ni hesabu za siri: mtu athibitishe jambo bila kulifichua, na uthibitisho utunzwe kwenye blokcheni, ndani ya kompyuta nyingi, asipatikane wa kuufuta. Asubuhi moja Lekishon, mfugaji wa Enguserosambu, alikaa mbele yake ofisini Karatu, fimbo magotini. Kamati ya malisho ilitaka kujua kama ng'ombe wake hawazidi kiwango, ndipo imfungulie nyasi za kiangazi. Lakini kwa mila ya kwao Lekishon, idadi ya ng'ombe haitajwi, maana kuitaja ni kuwaitia balaa, na Lekishon alikuwa tayari kuzikosa nyasi. Simu yake, yenye programu ya mhandisi, ilikwisha kusoma hereni za kielektroniki za ng'ombe kule joshoni, wanakoogeshwa dawa. Lekishon akabonyeza. Jibu lililokwenda kwa kamati lilikuwa neno moja: Hawazidi.

"Sasa wewe umeona ni wangapi," Lekishon alimtega.

"Sijaona, baba."

"Fundi gani haoni kazi yake?"

"Kama ningejiachia tundu la kuchungulia, na mwingine angechungulia. Nimejifungia nje mwenyewe." Alisema hivyo amekaa wima, kalamu imetulia mkononi.

Lekishon alimtazama, kisha akainuka. "Wanangu wanaicheka mila hii. Njoo bomani unywe maziwa. Ila jioni ng'ombe wakirudi, angalia pembeni."

Mhandisi akafunika macho kwa kile kiganja chenye wino, akitabasamu kwa fahari.